Hela zako amekopa usiyemjua, siku halipi nani anaenda kumgongea?

MAMA HESABU ANAJIBU

Mwezi huu maswali yamefanana mpaka nikajiuliza huku kwetu kuna nini, Arusha na Moshi wote mnataka kukopesha. Zamani mlikuwa mnaniandikia mmekopa mmeshindwa, marejesho yanawatoa jasho, wale wa kausha damu, mikopo ya riba kali, wamebeba friji. Sasa hivi imegeuka, watu wana vihela wanataka wawakopeshe wasiowajua kupitia simu, au wachangie mradi wa mtu wasubiri gawio. Sio kitu kibaya chenyewe. Ila mi nimekaa dawati la mikopo la SACCOS miaka kumi na saba hapa Moshi, nakopesha na kudai, kwa hiyo nikisoma barua zenu kuna sehemu naiona ambayo wengi mnairuka, ile ya kudai. Nimechagua tano, majina nimeyatoa.

*

Shikamoo Mama Hesabu. Mi ni muongoza watalii, nakaa Sakina. Msimu huu Mungu amesaidia, mshahara na tipu nimeweka pembeni milioni sita. Sasa nilikuwa na mgeni kutoka Uingereza siku saba Serengeti na Ngorongoro, tukawa tunapiga stori garini akaniambia kwao watu wanakopeshana wenyewe mtandaoni bila benki, unaweka hela inagawanywa kwa wakopaji wengi na riba inakuwa kubwa kuliko ya benki. Nikamsimulia jamaa yangu hapa mjini kumbe na yeye yuko kwenye kuanzisha kitu hicho hicho, ameshatengenezewa apu, anachukua hela kwetu anawakopesha wapagazi, wapishi wa mlimani, madereva wa magari ya utalii na wenye boda. Anasema asilimia 24 kwa mwaka, yeye anakata 2 tu. Nimpe zote sita au nianze na tatu?
— Muongozaji, Sakina

Marahaba mwanangu. Hongera kwanza kwa kuiweka, hela ya tipu najua inavyoyeyuka.

Mgeni wako hajakudanganya. Hiyo mikopo ya mtu kwa mtu ilianzia kwao kweli, 2005, kampuni inaitwa Zopa, Marekani wakafuata na Prosper na LendingClub. Na wazo lenyewe ni tamu hata mimi lilinivutia niliposoma mara ya kwanza, maana benki inampa mwenye akiba kiriba kidogo, alafu hela hiyo hiyo inamkopesha jirani yake kwa riba ya kumtoa machozi, sasa mtoe huyo wa katikati mgawane nyie wawili. Ila siku mgeni wako akikuandikia muulize kama hela zake bado ziko humo. Zopa walifunga huo mlango Desemba 2021 wakabaki benki kama benki zingine. LendingClub waliacha kuwauzia mikopo watu wa kawaida mwisho wa 2020 na wao wakanunua benki. Funding Circle, wenzao wa Uingereza, wakawafungia wawekezaji wadogo 2022. Yaani waliokuja kutuambia benki haina kazi wameishia kuwa benki, mi hilo lilinichekesha sana. Na Zopa siwasemi vibaya, walimalizana na watu wao kistaarabu, ile mikopo iliyobaki waliinunua wenyewe kwa thamani yake kamili.

Wa kumuangalia ni Lendy. Hawa walikuwa wanawakopesha wajenzi wa nyumba huko huko Uingereza, dhamana ni majengo, wawekezaji wanaahidiwa mpaka asilimia 12 kwa mwaka. Walipata leseni kamili ya mamlaka ya kule 2018. Mei 2019 wakaanguka, zaidi ya pauni milioni 160 za watu zikiwa nje kwenye mikopo. Leseni walikuwa nayo na dhamana walikuwa nayo, na ule mfuko wa kule unaofidia wenye akiba benki ikifa hauhusiki kabisa na mikopo ya mtu kwa mtu, kwa hiyo watu wakakaa foleni kusubiri majengo yauzwe, na hao wasimamizi wa ufilisi nao hawafanyi kazi bure, wanalipwa kutoka humo humo.

Sasa hesabu. Tuseme umetoa milioni tano ikagawanywa kwa watu mia, kila mtu elfu hamsini, analipa baada ya mwaka na riba ya 24. Wakilipa wote mia umepata milioni moja na laki mbili, jamaa yako akate laki moja yake, umebaki na milioni moja na laki moja, safi sana. Wakishindwa kumi, wale tisini wamekuletea riba ya 1,080,000 ila umepoteza mtaji 500,000 na jamaa anakata 100,000 yake vile vile, umebaki na 480,000. Hiyo sio 24 tena, ni 9.6. Wakishindwa kumi na nane riba inakuwa 984,000, mtaji uliopotea 900,000, toa laki ya jamaa, umeingia hasi ya elfu kumi na sita. Watu 18 tu kati ya 100 na mwaka mzima umefanya kazi ya bure na bado unadaiwa nauli. Alafu ona nani haumii hapo katikati: jamaa yako amepata laki yake kwenye hesabu zote tatu. Sisemi ni mwizi, nasema yeye anakula kwenye kukopesha na we unakula kwenye kurudishwa, hivyo ni vitu viwili tofauti, na siku anachagua nani apewe mkopo hataogopa kama wewe unavyoogopa. Mwambie aweke na yeye milioni yake mwenyewe kwenye kila kapu la mikopo, tena akipotea mtu aanze kupoteza yeye, uone atajibu nini.

Utaniambia mama, watu mia wote, 18 washindwe kwa mpigo? Mwanangu soma tena orodha yako. Wapagazi, wapishi, madereva wa utalii, na boda ambazo abiria wake wengi ni hao hao. Hao sio watu mia, ni mtu mmoja anaitwa Mtalii. 2020 ndege ziliposimama, unakumbuka ulikuwa unakula nini? Wapagazi walirudi migombani, madereva wakauza viti vya magari. Mwaka kama ule hawashindwi 18, wanashindwa 80, na we mwenyewe siku hiyo hiyo huna safari, kazi yako na akiba yako vimekufa pamoja maana vyote umeviegemeza kwenye mti mmoja. Hata bila ugonjwa, Aprili na Mei mvua zikishika mjini kunakuwaje? Mkopo wa Januari wa kulipa kila mwezi utakwama hapo. Anayejua biashara atawapangia walipe zaidi Julai hadi Oktoba na kidogo masika. Muulize jamaa yako ratiba ya marejesho amepangaje, akisema kila mwezi sawasawa ujue hajawahi kudai mtu.

Ndo tufike kwenye kudai. Nilikuwa na mdeni wangu Pasua, nikitokea njia kuu yeye anatokea mlango wa nyuma, mtoto anatumwa kusema baba kasafiri na viatu vya baba viko mlangoni. Nikajifunza kwenda saa kumi na moja alfajiri. Nikimkosa naenda kwa mdhamini wake, mdhamini anaona aibu kwa majirani, anamtafuta kwa niaba yangu. Nikimkosa mdhamini, kuna hisa zake na akiba zake ndani ya SACCOS tunakata. Na bado mikopo chechefu, ile isiyolipika, ilikuwepo kila mwaka, kwenye watu ninaowajua mpaka jina la mama mkwe. Sasa apu inamjua mtu kwa namba ya simu. Laini inatupwa jalalani, imeisha. Elfu hamsini ya mtu wa Rongai nani atapanda gari kuifuata, nauli na posho tu imekula mkopo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa jamaa yako ni hilo, siku halipi, nani kwa jina anaenda kugonga, na analipwa na nani.

La pili, kwenye karatasi mkopeshaji ni nani. Kama hela inaingia kwenye akaunti ya jamaa yako alafu yeye ndo anakopesha, basi we hujawakopesha watu mia, umemkopesha mtu mmoja, yeye. Akiugua, akigombana na mwenzie, akifa Mungu aepushie mbali, mkewe atakwambia shemeji hizo habari mi sizijui. Hela za watu zikae akaunti tofauti kabisa na hela za kampuni, na mkataba wa kila mkopo uonyeshe kipande chako.

La tatu linaweza kumpeleka pabaya yeye mwenyewe. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayekopesha kama biashara anatakiwa leseni ya Benki Kuu, BoT, daraja la pili, na mwenye daraja hilo haruhusiwi kupokea amana za watu, yaani kutunza hela zao. Unakopesha mtaji wako. Ukianza kuzunguka mjini unakusanya milioni sita za Sakina na tatu za Njiro kwa ahadi ya asilimia 24 umeshatoka kwenye kukopesha umeingia kwenye kukusanya hela za umma, hapo ni BoT na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMSA, wenye kusema ndio au hapana. Kama ana kibali aonyeshe. Kama hana, basi mnachofanya ni kukopeshana kirafiki, na hela ya kirafiki inahesabiwa kirafiki.

Kule Uingereza Desemba 2019 mamlaka yao ilisema mtu mgeni kwenye hii kitu asiweke zaidi ya asilimia 10 ya hela yake ya kuwekeza. Ukitumia kipimo hicho kwa sita zako ni laki sita. Mi ningesema hata hiyo laki sita mpe kama unavyompa rafiki. Zilizobaki, hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinaanzia milioni moja, unanunua kupitia benki au dalali wa soko la hisa, na vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unaanza na kidogo unaongeza kila ukipata tipu. Nako sio peponi, kipande kinaweza kushuka, ila una pa kwenda kuuliza.

*

Mama Hesabu habari za kazi. Mi ni nesi hapa Moshi. Kuna apu tumeingia wodini kama watu tisa, unaweka hela wao wanawakopesha wafanyabiashara, unapata asilimia 3 kila wiki. Niliweka milioni 2 mwezi wa pili, kila jumatatu naona elfu 60 inaingia, nimeshatoa mara tatu bila shida yoyote. Sasa wanasema nikifikisha milioni 5 naenda daraja la Dhahabu napata asilimia 4, na nikileta mtu napata elfu 30. Mume wangu anasema ni matapeli lakini nimemuonyesha cheti cha BRELA, TIN na leseni ya BoT daraja la pili vyote wametuma kwenye grupu. Nikope milioni 3 kazini niongezee?
— Nesi, Moshi

Usikope mdogo wangu. Kabla hujamaliza kusoma hapa fungua hiyo apu, omba kutoa milioni mbili yako yote leo, mtaji, sio hiyo elfu sitini. Ukishafanya hivyo rudi tuongee.

Umesharudi? Sawa. Cheti cha BRELA kinasema kampuni imeandikishwa, hata kampuni ya kuuza vitumbua inaandikishwa. TIN ni namba ya kodi, na mimi ninayo. Hivyo viwili haviruhusu mtu yeyote kuchukua hela yako na kuizungusha, lakini matapeli wa nchi hii wameshajua sisi tukiona muhuri tunalainika. Na ile leseni ya daraja la pili, nimemjibu muongozaji hapo juu, hata kama ni ya kweli ni ya kukopesha, haimruhusu kupokea hela yako. Yaani wamekutumia wenyewe karatasi inayowakataza. Tena ihakikishe kwenye orodha ya BoT yenyewe, sio picha ya kwenye grupu, kwa sababu Novemba 2024 BoT ilitangaza apu 69 zilizokuwa zinakopesha watu bila leseni yoyote.

Alafu hesabu ya hiyo 3 kwa wiki. Ukiacha hela yako izae bila kuitoa, milioni 2 baada ya mwaka inakuwa milioni 9 na ushee. Miaka mitatu, milioni 200. Kwa hiyo nyie tisa wa wodini mkivumilia miaka mitatu mnanunua hospitali. Na ili wewe ulipwe 3 na wao wabaki na chao, yule mfanyabiashara anakopa kwa 5 au zaidi kila wiki. Sitakudanganya kwamba watu wa kukopa kwa riba hiyo hawapo, wapo, Mbuyuni hapo wamejaa, tunawaita wahanga wa kausha damu. Ila mtu anayekubali kukopa 5 kwa wiki ameshakataliwa benki, ameshakataliwa SACCOS, kikoba wamemchoka na ana apu zingine nne anazikopa ili alipe ya tano. Huyo ndo umemkopesha mshahara wako wa kukesha. Hapo ni kama wakopaji wapo kweli.

Na mara nyingi hawapo. China kulikuwa na jukwaa linaitwa Ezubao, lilianza 2014, ukifungua unaona miradi imepangwa, huyu anakopa cha mashine, huyu cha kiwanda, riba nzuri, matangazo mpaka televisheni ya taifa. Ndani ya mwaka mmoja na nusu walikusanya zaidi ya yuan bilioni 50 kutoka kwa watu kama laki tisa. Ikaja kujulikana karibu miradi yote ilikuwa ya kubuni, wa jana analipwa kwa hela ya wa leo. Aliyeianzisha alifungwa maisha 2017. Baada ya hapo serikali yao ikabana mpaka 2020 majukwaa ya aina hiyo yote nchini, na yalikuwa maelfu, yakaisha.

Sisi wala tusiwacheke Wachina. 2009 kulikuwa na DECI, watu wanatoa hela wanaita kupanda mbegu, wakilipwa wanaita kuvuna, waliosali pamoja walipanda pamoja. Mr Kuku naye alikuwa anachukua hela za watu kwa mradi wa kuku, ahadi ni asilimia 70 ndani ya miezi minne, 2020 mambo yakaishia mahakamani Kisutu. Angalia mbegu, kuku, sasa mikopo, kinachobadilika ni jina la mazao. Na wote walilipa mwanzoni, ndo maana hizo mara tatu ulizotoa elfu sitini hazinipi amani hata kidogo. Laki moja na themanini ni hela yako mwenyewe wamekurudishia, kutoka kwenye milioni mbili, na kwa hiyo laki na themanini wakapata watu tisa wa wodi nzima. Bei nafuu ya tangazo.

Sasa kama umeomba kutoa na wamekwambia lipia kwanza kodi, au ada ya kufungua akaunti, au fikisha Dhahabu ndo utoe, usitume hata mia. Piga picha kila ukurasa wa hiyo apu, meseji za grupu, miamala yote na namba ulizotumia, peleka polisi uombe kitengo cha makosa ya mtandao. Na jiandae, ukishaanza kulalamika atatokea mtu inbox mwenye huruma sana anakwambia mi nilirudishiwa zangu na mtaalamu fulani, huyo mtaalamu ni wale wale wamerudi na kofia nyingine. Wambie na hao wenzako nane, hasa kama kuna uliyemwingiza wewe. Najua itakuwa ngumu. Mumeo pia, ila yeye mpe siku mbili za kutamba.

Umeniuliza mwishoni mwa barua yako, sikuiweka yote hapo juu, kwamba si hata benki zinaanguka. Zinaanguka ndio. Januari 2018 BoT ilifunga benki tano siku moja na mojawapo ni ya huku kwetu, Meru Community Bank. Tofauti ni kwamba kuna Bodi ya Bima ya Amana, enzi hizo ilikuwa inalipa mpaka milioni moja na nusu kwa mtu, 2023 ikapandishwa mpaka milioni saba na nusu. Milioni mbili yako ingekuwa benki ingerudi yote. Kwenye apu bodi hiyo haikujui.

*

Sisi ni kikoba cha akina mama Mbauda, Arusha, tuko 28. Sanduku lina milioni 14 na tunavunja Desemba. Mweka hazina anasema hela imelala bure tuiweke kwenye jukwaa la kukopesha la nje ya nchi mpaka Novemba tupate faida ya sikukuu. Ni sawa?

Hapana. Kwanza kikoba kizuri hela haikai kwenye sanduku, inazunguka kwa wanachama, kama imelala jiulizeni kwa nini hamkopi, labda riba yenu kubwa au mmegombana.

Pili, mkopo ni wa mwaka, miaka mitatu, hauvunjwi Novemba kwa sababu nyie mna sikukuu. Ili utoke mapema lazima apatikane mtu wa kununua kipande chako, na siku watu wote wanataka kutoka mnunuzi hayupo. Aprili 2020 Funding Circle walilifunga lile soko lao la kuuziana mikopo, RateSetter, jukwaa jingine la huko, foleni ya kutoa hela ikawa ndefu, tena riba za watu wakazikata nusu ili kutunisha mfuko wa kufidia mikopo mibovu. Hizo zilikuwa kampuni za kweli, sio matapeli. Fikiria Mama Junia wa kikoba anasubiri ada ya mtoto Januari mnamwambia tuko kwenye foleni London. Na shilingi ikipanda au ikishuka kwenye kubadilisha dola nani anabeba hasara, mmeandika kwenye katiba yenu? Mweka hazina asiwe mtu wa kufikiria mwenyewe hela ya wenzie 27.

*

Mwalimu wa Machame hapa. Kuna kampuni inauza vipande vya shamba la parachichi, milioni 1.2 unakuwa mmiliki mwenza, wao wanapanda wanatunza wanauza nje, sisi tunagawana faida kuanzia mwaka wa tatu. Wamesema ni uchangishaji wa pamoja, tuko watu 400. Nimeona shamba kwa macho yangu na miche ipo.

Mwalimu, miche ipo ila wewe umenunua nini? Hilo halijaniingia kwenye barua yako. Ardhi, huwezi, hati ni moja na haina majina 400. Miti, ipi, ina namba? Hisa za kampuni, basi jina lako linatakiwa liwe kwenye daftari la wanahisa na BRELA wanajua, na kampuni inayouza hisa kwa umma bila CMSA kupitisha waraka wake ina matatizo na sheria. Au umenunua ahadi tu, risiti imeandikwa "mchango wa mradi"? Ukienda kusoma ukute ni hiyo ya mwisho, wengi ndo hiyo.

Parachichi lenyewe sina ugomvi nalo, Siha na Hai watu wanavuna na kuuza nje. Mche wa kubebeshwa wa Hass, aina inayouzwa nje, unaanza kutoa mwaka wa tatu wa nne, lakini mazao ya kueleweka ni baadaye, kwa hiyo mtu anayegawa faida mwaka wa tatu kamili ana haraka ambayo mti hauna. Katikati hapo kuna maji, dawa, vibarua na mlinzi, nani analipa hela ya mwaka wa pili ikiisha? Watawarudia mchange tena, usipochanga kipande chako kinapungua. Na hata wakifanikiwa, ukitaka kutoka mwaka wa nne uuguze mzazi, unamuuzia nani kipande cha watu 400? Kenya wenzetu wamewawekea kanuni majukwaa ya uchangishaji wa kuwekeza tangu 2022, Nigeria 2021, kampuni inalazimika kuweka hesabu mezani kabla ya kuchukua hela. Nawe waombe hao wakuonyeshe hesabu zilizokaguliwa za mwaka jana na mkataba wa huyo mnunuzi wa nje. Wakikuonyesha picha za droni, rudi nyumbani.

Mi binafsi, kama una kihamba hata robo ekari pale Machame, milioni 1.2 inaotesha miche yako mwenyewe na inabaki ya samadi.

*

Mama Hesabu, mtoto wa dada yangu yuko Kijenge anataka kununua mashine ya kukaangia kahawa, anachangisha mtandaoni, ukitoa elfu 50 unapewa kilo mbili mzigo wa kwanza ukitoka. Ni uwekezaji?

Sio uwekezaji, umenunua kahawa ambayo bado haijakaangwa. Na inawezekana usiione. Kule Marekani 2014 kulikuwa na sanduku la barafu la kwenda nalo pikiniki, Coolest, lina blenda na spika ndani yake, watu zaidi ya elfu sitini wakalichangia dola milioni 13 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha, Desemba 2019 kampuni ikafunga na kama elfu ishirini hawakupata kitu. Yule wala hakuwa tapeli, alikosea hesabu ya gharama za kutengeneza, likawa linamgharimu kuliko alivyoliuza. Mtafiti Ethan Mollick aliangalia miradi ya Kickstarter 2015 akakuta karibu asilimia 9 ya iliyopata hela haikuwapa watu walichoahidiwa, na mimi nilitegemea iwe mbaya kuliko hapo.

Kwa hiyo muulize kijana umeme wa hiyo mashine ameupigia hesabu, vifungashio, na cheti cha shirika la viwango, TBS. Alafu mtumie hiyo elfu hamsini, ni mwanao. Usiiandike kwenye daftari la akiba, iandike kwenye la harusi na misiba, na kahawa ikija niletee nusu kilo ya kusagwa, sina mashine.